Mchana Nilipofungua Kamera

Juzi nilinunua kamera ya mkanda kwenye meza ya mitumba, katikati ya pasi za mkaa na redio zisizo na mfuniko wa betri. Bei yake haikufika hata ya viatu vya shule vya mtoto. Kijana aliyekuwa akiuza alinieleza kwa furaha kwamba kamera hizi za kizamani sasa zinatafutwa sana na wanaojifunza kupiga picha, eti picha zake zina ladha ambayo simu haina. Nilikuwa nimekwisha kuvuta kile kidude cha pembeni, kifuniko cha nyuma kikafunguka kwa mlio mdogo, na harufu ikanijia puani: ngozi ya zamani, vumbi, na kitu kikali kidogo kama siki. Mwanamke mzima mimi, na mkoba wangu begani, nikaangaza macho huku na huku. Nilikuwa nahofia mama mdogo asije akaniona.

Wa rika langu mnajua kamera ilikuwa kitu gani ndani ya nyumba. Leo mtoto wa miaka mitatu anapiga picha mia za kidole chake gumba na hakuna anayemgombeza. Kwetu Cheyo, mjini Tabora, kamera ilikaa juu ya kabati la vyombo ndani ya mfuko wake wa ngozi, na mkanda wake ulikuwa na picha ishirini na nne zilizotakiwa kutosha miezi na miezi. Ilikuwa mali ya mama mdogo, yaani mdogo wake mama, mwalimu wa shule ya msingi. Aliinunua ikiwa imeshatumika sana, kutoka kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa anahama. Hakupiga picha kwa kazi, alipenda tu. Alitumia mkanda wa nyeusi na nyeupe kwa sababu fundi wa studio pale mjini aliweza kuusafisha mwenyewe, wakati mkanda wa rangi ulisafirishwa mbali na pengine usirudi. Na kwa kuwa aliogopa kuukata mkanda, hata kuutoa ndani ya kamera alimwachia fundi.

Onyo lake kwangu lilikuwa moja, na alilirudia kila Jumamosi alipoifuta kamera kwa kitambaa. "Hapa nyuma usiguse. Ukifungua, mwanga ukaingia, watu wote waliomo wanaungua." Mimi nilikuwa na miaka minane na nilimwamini neno kwa neno. Niliwaona kabisa, wadogo wadogo, wamebanana gizani mule ndani, wakisubiri fundi aje awatoe.

Wazazi wangu walikuwa Puge, wakilima. Mimi nililetwa mjini kusoma, nikakaa na mama mdogo na Bibi, mama yao. Bibi aliniita mke mwenza. Babu alikufa kabla sijazaliwa, lakini hilo halikumzuia Bibi kunionea wivu. Nikikataa kuchota maji alisema, "Ndiyo maana mume wetu alikuwa akikaa sana stesheni, alikuwa anakukimbia wewe." Watu walioingia kwetu kwa mara ya kwanza walishangaa, kisha wakacheka. Nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na nilikuwa nalala mgongoni kwake nikiushika upindo wa khanga yake.

Sasa nieleze habari za ukuta, kwa kuwa kosa langu lilianzia ukutani. Sebuleni kwetu zilining'inia picha tatu za kioo. Ya kwanza ni Babu na kofia yake ya reli. Ya pili ni mjomba mkubwa, aliyefariki kwa homa akiwa kijana. Ya tatu ni dada yao mwingine ambaye sikumkuta. Kila mmoja alikuwa peke yake, amekaa wima, hacheki. Sisi tuliokuwa hai hatukuwa ukutani. Tulikuwa ndani ya kopo la biskuti, kwenye picha za makundi: arusi, Pasaka, kipaimara cha mtoto wa jirani, watu kumi na tano wamebanana na mbuzi amepita mbele. Hakuna aliyenieleza sheria hiyo, niliigundua mwenyewe. Na kila mtu alipofariki mtaani kwetu, ndugu walikuja mbio kwa mama mdogo wakauliza, "Mwalimu, huna picha yake ya peke yake? Ya kuweka msalabani." Kama hakuwa nayo, alichukua mkasi akamkata marehemu kutoka kwenye kundi la arusi. Mimi ndiye niliyemshikia taa akikata, na ushahidi huo ulinitosha. Anayepigwa picha peke yake, safari yake imeiva.

Basi siku moja akaja mgeni, mzee mwembamba aliyeshuka kwenye treni ya Mpanda na magunia ya maharage. Nilimwamkia, "Shikamoo Babu," akaitikia, "Marahaba mjukuu," halafu nikaambiwa nikacheze nje. Wakubwa walizungumza muda mrefu sebuleni, tena kwa Kirundi, lugha ya Bibi ambayo mimi niliisikia nusu nusu. Bibi alizaliwa Burundi. Alikimbilia Tanzania akiwa msichana, akawekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu pamoja na wenzake, na huko ndiko Babu alikomkuta. Alipokasirika sana au kufurahi sana, Kiswahili kilimtoka chote akarudi kwao. Siku ile, nikiwa nimejibanza dirishani, nilimsikia akilia na kucheka kwa pamoja. Alipotoka nje macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu," alimwambia mama mdogo jioni ile, kwa Kiswahili sasa, "nataka picha yangu. Peke yangu, nisichanganywe na watu."

"Zimebaki tatu kwenye mkanda, mama. Zote zako."

Nilimtazama Bibi kwa makini, nikaona mambo ambayo sikuwahi kuyaona: shingo imekonda, mishipa imetoka mikononi. Nilitamani kuuliza lakini niliogopa jibu, na wakubwa wa enzi zile, mnakumbuka, hawakuwa na desturi ya kumweleza mtoto jambo hadi limekwisha kupita.

Jumamosi Bibi alioga asubuhi, akasugua visigino kwa jiwe, akavaa khanga mpya niliyokuwa sijaiona. Mama mdogo alitundika shuka nyeupe kwenye kamba ya nguo na kuweka kiti mbele yake. Nikauliza kama na mimi naweza kusimama pembeni.

"Leo Bibi peke yake," alisema mama mdogo, jicho moja limefumba. "Mama, usicheke. Mikono weka mapajani."

"Huu wa kushoto uwe juu," Bibi alisema. "Kidole kionekane vizuri."

Kidole cha pete cha mkono wake wa kushoto kilikuwa nusu. Kilikatwa na mundu akiwa mtoto, na siku zote alikificha ndani ya khanga mbele ya wageni. Sasa alikuwa anakitanguliza. Mikono ile, mmoja juu ya mwingine, niliwahi kuiona mahali pamoja tu, kwenye jeneza la mama wa jirani yetu. Kamera ililia mara tatu. Kila mlio nilifumba macho.

Mama mdogo akairudisha kamera juu ya kabati, akaenda kwenye mazoezi ya kwaya kanisani. Ilikuwa saa sita na kitu, jua kali, mtaa umenyamaza. Bibi alisema mgongo unamuuma, akajilaza kwenye mkeka sebuleni chini ya picha ya Babu, na khanga ile mpya akajifunika hadi kidevuni. Nikakaa mlangoni nikimlinda. Baada ya muda mdomo wake ukafunguka kidogo. Niliinama, nikaweka sikio karibu na pua yake. Alikuwa anapumua, lakini kwa mbali sana, na niliona kabisa kwamba kazi imeshaanza.

Nilipanda kwenye stuli nikashusha kamera. Hesabu yangu ilikuwa hii: kama picha ya peke yake ndiyo inayompeleka mtu ukutani, basi picha isipokuwepo hana pa kwenda. Jambo moja tu lilinisumbua. Mama mdogo alisema waliomo wanaungua, na Bibi alikuwemo. Je, akiungua mule ndani, na huyu wa kwenye mkeka ataungua? Niliwaza sana juu ya hilo, kwa kadiri mtoto wa miaka minane awezavyo kuwaza, nikaamua kwamba kuungua kidogo kunatibika kwa asali, lakini kufa hakutibiki. Nikavuta kidude, kifuniko kikafunguka.

Hapakuwa na watu. Palikuwa na utepe wa kijivu unaong'aa umejiviringisha kwenye kijiti chake, basi, na ile harufu kali. Nilihuzunika kidogo, maana nilitegemea angalau kumwona yule mbuzi ambaye mama mdogo alimpiga picha. Nikahesabu moja mpaka tano, nikafunga, nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Halafu nikamwendea Bibi na kumgusa paji la uso. Lilikuwa la moto, kwa sababu jua la dirishani lilikuwa limemfikia, na mimi nikakimbilia jikoni kuchukua kikombe cha asali. Aliamka akanikuta nampaka usoni.

"We mke mwenza, una wazimu?" alisema, akajilamba mdomo. "Hebu leta na kijiko."

Alikuwa hai, anakula asali. Niliona nimeshinda. Siku tatu zilizofuata nilitembea Cheyo kichwa juu, nikachota maji bila kuambiwa, na mama mdogo akauliza kama naumwa.

Siku ya nne ndiyo siku yule mzee wa maharage aliyokuwa anarudi kwao na treni ya jioni. Alifika mchana na mzigo wake, akakaa barazani kwetu. Bibi alikuwa amevaa vizuri, akisubiri. Mama mdogo alitokea mjini na bahasha ya fundi mkononi, na nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi alivyokuwa akiburuta viatu.

"Mkanda umeungua," alisema. "Fundi anasema mwanga umeingia. Picha zako zote tatu ni nyeupe tupu, mama. Hakuna kitu. Labda kamera imechakaa, inavuja mwanga, mimi sijui." Akaanza kulia, mwalimu mzima, mbele ya mgeni.

Bibi alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja niliokuwa nimekwisha kuufagia asubuhi.

"Mama, usivunjike moyo," yule mzee alimwambia. "Nitamwambia mdogo wako nimekuona kwa macho yangu, tumekula pamoja."

"Maneno ameshayasikia mengi," Bibi alijibu bila kuacha kufagia. "Si ulinieleza mwenyewe? Alikuja yule tapeli akamwambia dada yako yuko hai, yuko Kigoma, akala kuku wake wawili na kuondoka. Hatasikia tena maneno. Alisema aoneshwe uso wangu na huu mkono wangu, ndipo ataamini kwamba sikufia njiani. Na mwezi ujao wanahama. Akishahama Katumba, nitamtafuta wapi?"

Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimeshikilia nguzo ya baraza. Bibi alikuwa na mdogo wake. Walipoteana wakikimbia, mmoja akaja kuangukia Ulyankulu na mwingine Katumba, makazi ya upande wa Mpanda alikotoka yule mzee, na kwa miaka yote hiyo mdogo mtu aliamini kwamba dada yake amekufa. Ile picha ya peke yake, ile mikono, kile kidole, vyote vilikuwa ni vya kumwambia mtu mmoja tu kwamba Bibi yu hai. Mimi ndiye niliyemuua. Sijawahi tena maishani kuhisi aibu ya namna ile.

Nikasema. Sikupanga kusema, yalinitoka yote kwa pamoja, ukuta, msalaba, mkasi, jeneza la mama wa jirani. "Nilifungua mimi! Nilifungua mchana Bibi alipolala! Nilitaka asife!"

Mama mdogo aliniendea, mkono umeinuka. Wa rika langu mnajua mkono ule ulikuwa unakwenda wapi.

"Mwache," Bibi alisema. Aliuegemeza ufagio ukutani, akaja taratibu, akanishika kidevu akaninyanyua uso. Nilingoja kusikia neno baya kuliko yote. Akauliza, "Na ile asali?"

"Nilidhani unaungua."

Alinitazama, midomo ikaanza kumcheza. Alijizuia kidogo, akashindwa. Bibi alicheka hadi akakaa chini kwenye uwanja aliokuwa ameufagia, na yule mzee naye akaanza, na mama mdogo, machozi bado mashavuni, akageuka kando mabega yakimtikisika. Mimi tu ndiye niliyelia.

"Mwalimu," Bibi alisema alipopata pumzi, "mtoto huyu ana akili. Ni ninyi mliomficha mambo. Fungua hiyo bahasha tuone ni nani waliopona."

Walipona wanne, wa mwanzoni kabisa mwa mkanda, waliokuwa wamejiviringisha ndani chini ya wenzao wote. Watoto wa darasa la mama mdogo. Baiskeli ya mchungaji. Mbuzi. Na ya nne ilikuwa picha ambayo mama mdogo aliipiga siku za kupeta karanga, akijaribu tu mkanda mpya, na hata alikuwa hakumbuki. Nusu yake ilikuwa imeliwa na weupe, kama ukungu umeingia kutoka pembeni. Katika nusu iliyobaki alikuwapo Bibi, khanga ya kazi, ungo magotini, anacheka kwa jambo fulani lililosemwa na mtu asiyeonekana, na mkono wa kushoto umeinuka kuziba mdomo. Kidole kile kifupi kilikuwa wazi kabisa juu ya shavu lake.

"Hii imeharibika, mama," mama mdogo alisema.

Bibi aliishika kwa ncha za vidole. "Haijaharibika," alisema. "Kile kidole alinikata yeye, tukikata nyasi za kuezekea. Na tangu siku ile nikicheka naziba mdomo kwa mkono huu, ili nimchokoze, aone alichofanya. Zile tatu za kwenye kiti angemwona mwanamke gani sijui. Huyu atamjua." Kisha akaniambia mimi, "Mke mwenza, mpe mzee picha. Kwa mikono miwili."

Nilimpa kwa mikono miwili. Aliiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, akakifunga kwa kitambaa, akakitia kifuani ndani ya shati. Nilimsindikiza mpaka njia ya stesheni nikimbebea kifurushi, na njia nzima nilimsihi asikifungue kitabu juani. Aliniambia picha ikishasafishwa haiungui tena. Sikumwamini.

Zikapita wiki tatu, nadhani, au nne. Kila siku ya treni ya Mpanda nilikwenda barabarani kabla ya shule. Nilikuwa na tumaini lenye hofu ndani yake, na tumaini la namna hiyo linachosha kuliko kazi ya shamba. Mama mdogo alianza kusema huenda wameshahama. Bibi alikuwa akitenga karanga zilizochaguliwa vizuri kwenye chungu kimoja na kutukataza tusiziguse.

Asubuhi moja, uji ukiwa mekoni, nilisikia mtu akipiga hodi. Nikafungua. Mlangoni alisimama Bibi. Ndivyo nilivyoona: uso wa Bibi, paji lake, hata namna ya kusimama ameegemea mguu mmoja, isipokuwa alikuwa mfupi kidogo na ana vumbi la safari, na mfuko wa nguo kichwani. Nikageuka nyuma, na Bibi wa kwetu alikuwa amesimama katikati ya sebule na mwiko mkononi.

Hawakukumbatiana. Walisimama wakitazamana kwa muda ambao uji ulitosha kuanza kufurika. Kisha mgeni akasema jambo kwa Kirundi, na mama mdogo aliyekuwa ametoka chumbani akaninong'oneza maana yake.

"Nilikufanyia matanga," alisema mgeni. "Nilinyoa nywele zote kwa ajili yako."

Bibi akamsogelea. Akamtua ule mfuko, akauweka chini. Akakishika kilemba chake, akakivuta nyuma polepole, na chini yake palikuwa na nywele nyingi, nyeupe, zimesukwa vizuri kwa ajili ya safari.

"Mbona zimeota," akasema Bibi.

Hapo ndipo walipolia, wote wawili, kwa sauti, hadi majirani wakatoka nje wakidhani kuna msiba. Mimi nilikimbilia jikoni kuongeza maji na unga kwenye sufuria, maana sasa tulikuwa wanne.